Profesa Thomas Odhiambo na Wadudu Walio Lindoni

Askari yeyote aliyepata kusimama lindo anajua mambo mawili. La kwanza ni kwamba lindo ni kazi ya subira. La pili ni kwamba adui hashindwi kwa wingi wa risasi peke yake, bali kwa kujua anakopita, anakojificha na anakozalia. Katika makala haya twapenda kueleza maisha ya mtu ambaye hakuwa mwanajeshi wala polisi, lakini aliyatia mambo hayo mawili katika vitendo muda wa maisha yake yote. Naye ni marehemu Profesa Thomas Risley Odhiambo, mtaalamu wa wadudu, aliyefariki dunia mjini Nairobi tarehe 26 Mei, 2003.

Tumechagua kueleza habari zake kwa ajili ya walinzi walioko Busia, Malaba na Tororo kwa sababu kazi yake inahusu mpaka huo kuliko watu wengi wanavyodhani. Mlinzi wa mpakani hukagua hati za wasafiri na mizigo ya malori. Lakini nondo anayeruka usiku kutoka shamba la mahindi la upande mmoja hadi shamba la mtama la upande wa pili haonyeshi pasi kwa mtu yeyote. Asubuhi mkulima huamka akakuta mayai yamekwisha kubandikwa juu ya majani, na vita vimeanza bila yeye kujua. Tena askari wengi wana mashamba nyumbani, na wengine wana bustani karibu na kambi. Kwa hiyo habari hizi si ngeni kwao.

Thomas Odhiambo alizaliwa Mombasa tarehe 4 Februari, 1931, katika jamaa yenye asili ya Nyanza. Alipata elimu yake ya sekondari katika shule ya Maseno, shule mashuhuri iliyoko safari fupi tu kutoka Busia, kisha akaendelea na masomo katika Chuo cha Makerere, Kampala. Siku hizo Makerere kilikuwa chuo cha vijana wa Afrika Mashariki nzima, na si ajabu kwamba kijana wa Kenya alipomaliza masomo aliajiriwa Uganda. Odhiambo aliingia katika Idara ya Kilimo ya Uganda, akafanya kazi katika kituo cha utafiti cha Kawanda, nje kidogo ya Kampala.

Yafaa tukumbuke hali ya wakati ule. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, dawa za sumu kama DDT zilikuwa zimeenea katika mashamba ya dunia nzima, na wengi waliamini kwamba habari ya wadudu waharibifu imekwisha. Mtu aliyekaa chini ya mmea saa nyingi akimtazama mdudu mmoja angeonekana anapoteza wakati wa serikali. Isitoshe, utaalamu wa wadudu katika Afrika ulikuwa karibu wote mikononi mwa wageni. Mwafrika alitazamiwa kubeba chupa na nyavu za kunasia wadudu, si kuandika matokeo ya uchunguzi.

Odhiambo alikaa akatazama, kisha akaandika. Mdudu aliyemvuta zaidi ni mmoja wa jamii ya kunguni, lakini si kunguni wa kitandani. Huyu huishi juu ya mimea, na wataalamu humwita kwa jina la Rhinocoris. Ni mwindaji. Ana mdomo mgumu uliopinda kama sindano, ambao huuchoma katika mwili wa kiwavi au mdudu mwingine, akamtia mate yenye sumu, kisha akamfyonza. Mkulima asiyemfahamu humponda akidhani ni mharibifu, kumbe amemwua askari wake mwenyewe.

Jambo lililomshangaza Odhiambo, naye akalieleza kwa urefu katika maandishi aliyoyatoa mwaka 1959, ni malezi ya mdudu huyo. Wadudu walio wengi hutaga mayai wakaenda zao. Wachache hulinda mayai yao, na katika hao wachache mlinzi kwa kawaida ni mama. Kwa mdudu huyu wa Uganda mlinzi ni baba. Jike hubandika mayai yake kwa safu juu ya mmea, kisha huondoka. Dume hubaki pale, akasimama juu ya mayai au kando yake siku baada ya siku mpaka yaanguliwe. Adui zake wakubwa ni nyigu wadogo mno, wadogo kuliko chembe ya ulezi, ambao hutafuta mayai ya wadudu wengine ili watie ya kwao ndani yake. Nyigu akikaribia, dume humgeukia na kumfukuza.

Wachunguzi waliomfuata Odhiambo waliendelea kuwatazama ndugu wa mdudu huyo, wakakuta mambo mengine ya ajabu. Jike anayetafuta mahali pa kutaga humpendelea dume ambaye tayari yuko lindoni, akaja akaongeza mayai yake juu ya yale ya jike aliyetangulia. Kwa sababu hiyo dume mmoja aweza kulinda mayai ya majike kadhaa. Madume mengine huja kumnyang'anya lindo hilo, kwa kuwa mwenye mayai ndiye apendwaye. Tena mlinzi huyo, ambaye hawezi kwenda mbali kuwinda, hula baadhi ya mayai yaliyo pembezoni, yale ambayo nyigu huyafikia kwa urahisi, akayasalimisha yaliyo katikati. Askari wanaojua maana ya kukaa doria ndefu bila posho watamwelewa mdudu huyo vizuri kuliko sisi raia.

Mtu aweza kuuliza faida ya kujua mambo hayo. Faida yake ni hii. Mdudu mwindaji hatagi popote tu. Vunjajungu hufunga mayai yake ndani ya povu gumu juu ya kijiti au shina. Yule mdudu wa mviringo mwenye mgongo mwekundu na madoa meusi hutaga kishada cha mayai ya manjano karibu na vidukari, ili watoto wake wakitoka wakute chakula mlangoni. Mdudu mwingine wa kijani kibichi mwenye mabawa kama wavu hulitundika kila yai juu ya uzi mwembamba mfano wa unywele, ili watoto wasilane wao kwa wao na sisimizi wasiwafikie. Kila mama huchagua mmea na mahali. Shamba ambalo mimea yake yote ni ya namna moja, limepaliwa mpaka kingoni na kunyunyiziwa sumu kila wiki, halina mahali pa mlinzi kuweka mayai yake. Sumu humwua kiwavi leo pamoja na mlinzi, lakini kiwavi hurudi upesi kuliko mlinzi, akakuta shamba halina mwenyewe.

Wadudu waharibifu nao huchagua. Wakulima wa pamba wa Uganda walijifunza zamani kwamba mdudu mdogo aitwaye laigasi, mwenye kuharibu vitumba vya pamba, hupenda zaidi mtama, na kwamba mtama ukikomaa na kukauka huhamia kwenye pamba. Katika nchi ya Tororo na Busia, ambako mtama na pamba vimekaa jirani miaka mingi, jambo hilo si la vitabuni tu. Mdudu huyo ni wa jamii ambayo Odhiambo aliichunguza kwa bidii sana, akazipanga na kuzipa majina aina nyingi ambazo hazikuwa zimejulikana. Wadudu wa jamii hiyo hupenyeza mayai yao ndani ya mmea wenyewe, na wengine wao si waharibifu hata kidogo bali ni wawindaji. Bila mtu wa kuwatenganisha, rafiki na adui huuawa pamoja.

Mwaka huo wa 1959 Odhiambo alikwenda Uingereza kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwalimu wake huko alikuwa Vincent Wigglesworth, mtaalamu aliyejulikana dunia nzima kwa kueleza jinsi mwili wa mdudu unavyofanya kazi. Odhiambo aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya nzige wa jangwani, akaonyesha jinsi tezi ndogo iliyo karibu na ubongo inavyoongoza mwili wa nzige dume na mwenendo wake. Nzige ni adui ambaye Afrika Mashariki imepigana naye mara nyingi, na majeshi yetu yamepata kuitwa kusaidia katika vita hivyo.

Aliporudi nyumbani katikati ya miaka ya 1960 angaliweza kutosheka na kiti cha mwalimu katika chuo kikuu cha Nairobi. Hakutosheka. Mwaka 1967 alitoa makala katika jarida moja kubwa la sayansi la Marekani akieleza kwamba nchi changa za Afrika Mashariki hazina budi kuwa na vituo vyao wenyewe vya utafiti wa daraja la juu. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka lakini ngumu kutekelezwa. Mdudu wa Afrika hufahamika na mtu anayekaa naye mwaka mzima, wakati wa mvua na wakati wa kiangazi. Mtaalamu anayekuja miezi mitatu na kuondoka na visanduku vyake hatamfahamu kamwe. Nchi isiyo na watu wake wa kutazama itanunua maarifa daima, na mwenye kuuza atauza lile alilo nalo, si lile tunalohitaji.

Mwaka 1970 hoja hiyo ilipata mwili. Kilianzishwa Nairobi kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, kiitwacho ICIPE kwa kifupi, naye Odhiambo akawa mkurugenzi wake wa kwanza. Mwaka huo huo aliwekwa kuwa profesa wa kwanza wa elimu ya wadudu katika Chuo Kikuu cha Nairobi na mkuu wa kwanza wa kitivo cha kilimo. Kituo kilianza katika majengo duni ya Chiromo. Vyama vya wanasayansi vya nchi nyingi vilikiunga mkono, na wataalamu mashuhuri walikuja kuwaongoza vijana. Lakini Odhiambo alishikilia kwamba lengo ni kuwafunza Waafrika waishike kazi wenyewe. Baadaye makao makuu yalijengwa Kasarani, yakapewa jina la Duduville, jina ambalo kila mwenye kujua Kiswahili hulitamka huku akitabasamu. Kituo kikubwa cha mashambani kilijengwa Mbita, ukingoni mwa Ziwa Viktoria.

Jambo moja la wakati ule lawagusa hasa watu wa Tororo. Pale Sukulu, karibu na mji huo, palikuwa na makao ya shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa ugonjwa wa malale. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mashirika ya namna hiyo yaligawanyika, kila nchi ikashika sehemu yake. Mbung'o hawakugawanyika. Malale yaliyoanza kuwaka Busoga mwaka 1976 yalifika Tororo katika miaka ya 1980, nayo yakawaua watu wengi.

Mbung'o naye ana siri yake katika kuzaa, nayo yatofautiana sana na ya nondo. Yeye hatagi yai. Hulea funza mmoja tu ndani ya tumbo lake, akamzaa mkubwa baada ya siku 9 au 10, akamwacha katika udongo laini wenye kivuli. Mdudu anayezaa polepole namna hiyo hahitaji sumu ya kumwagwa kwa ndege. Ukiwanasa majike wachache kila siku bila kukoma, ukoo wao huisha. Wataalamu wa ICIPE walitengeneza huko Nguruman mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi, ambao hutiliwa nguvu kwa harufu ya mkojo wa ng'ombe, na ambao wanakijiji waweza kuushona wenyewe. Ni kanuni ile ile ya Kawanda: jua kwanza adui anazaaje, ndipo uchague silaha.

Matunda yaliyo makubwa zaidi kwa mkulima wa Busia yalianza kuonekana wakati Odhiambo akimaliza uongozi wake mwaka 1994. Adui alikuwa funza wa mabua, ambaye hutoboa mashina ya mahindi na mtama. Mama yake ni nondo, na nondo huyo huchagua kwa kunusa. Wataalamu wa Mbita wakiongozwa na Zeyaur Khan, pamoja na wenzao wa kituo cha Rothamsted cha Uingereza na wa utafiti wa kilimo wa Kenya, walijiuliza nondo anapenda kutaga juu ya nini. Walikuta kwamba huyapenda majani ya nepia, ambayo wengine huyaita mabingobingo, kuliko mahindi yenyewe. Lakini nepia ni mtego. Funza wakianza kuitoboa, hutoa utomvu wa kunata, nao wengi hufa kabla ya kukua. Walikuta pia kwamba mmea wa desmodiamu, uliopandwa kati ya mistari ya mahindi, hutoa harufu ambayo nondo huikimbia. Mizizi yake tena hulizuia lile gugu la zambarau la striga, ambalo Waluo huliita kayongo na ambalo limewafukarisha wakulima wa pande zote mbili za mpaka.

Hivyo nepia huzungushwa ukingoni mwa shamba ili imvute nondo, na desmodiamu hupandwa ndani ili imsukume. Kwa sababu hiyo njia hii yaitwa vuta-sukuma. Majani yote mawili ni chakula cha ng'ombe. Kutoka Mbita imeenea magharibi ya Kenya mpaka Busia, ikavuka mpaka kuingia Busia ya Uganda, Tororo na Bugiri.

Walinzi wa asili nao hawakusahauliwa. Kuna nyigu mdogo ambaye hutaga mayai ndani ya mwili wa funza wa mabua, na watoto wake humla funza huyo kutoka ndani. Mwaka 1997 wataalamu hao walitangaza kwamba aina moja ya nyasi, ikipandwa pamoja na mahindi, hutoa harufu inayomwita nyigu huyo. Mwaka 2011 wakatangaza jambo la ajabu zaidi: kwamba aina kadhaa za mahindi ya asili, nondo akitaga tu mayai juu ya majani yake, hutoa harufu mpya inayowaita nyigu waje kabla mayai hayajaanguliwa. Mmea hupiga kengele ya hatari adui akiwa bado mlangoni. Aina nyingi za mbegu za kisasa zimeupoteza uwezo huo. Kwa hiyo bibi mzee anayehifadhi mbegu zake juu ya moshi wa jiko huenda anahifadhi kitu ambacho duka la mbegu halina.

Viwavijeshi vya kigeni kutoka Marekani vilipoingia Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu muda mfupi baadaye, wengi walikimbilia sumu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2018 katika mashamba ya Kenya, Uganda na Tanzania ulionyesha kwamba penye vuta-sukuma idadi ya viwavi katika kila mmea ilipungua kwa zaidi ya asilimia 80 ikilinganishwa na mashamba ya mahindi matupu.

Odhiambo alipewa heshima nyingi. Mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Chuo cha Wanasayansi wa Afrika, akawa rais wake wa kwanza. Mwaka 1987 alipewa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal, Tuzo ya Afrika ya uongozi katika kukomesha njaa. Kituo cha Mbita leo chaitwa kwa jina lake. Hata hivyo, kwa maoni yetu, kumbukumbu yake iliyo bora haiko katika medali wala katika jina la jengo. Iko katika shamba dogo la Butula au la Tororo ambako mama mwenye jembe anajua kwa nini nepia imekaa ukingoni na desmodiamu imekaa katikati.

Vita hivyo havijakwisha. Sumu inauzwa katika kila duka la mpakani, mara nyingi imepimwa upya katika chupa zisizo na maandishi, na mkulima mwenye haraka huinunua. Askari wa mpakani aweza kuzikamata chupa hizo, na afanyapo hivyo anamlinda mkulima pamoja na wale walinzi wadogo wasio na sare. Na siku ya mapumziko, atembeapo katika shamba lake mwenyewe, yafaa aligeuze jani moja la mahindi na kulitazama upande wa chini kabla ya kushika bomba la dawa. Akikuta mayai, ajiulize ni ya nani. Akikuta mdudu amesimama juu yake wala haondoki mkono unapomkaribia, amwache, kwa kuwa huyo yuko kazini.

Profesa Thomas Odhiambo alianza kazi yake kwa kumtazama mdudu mmoja wa namna hiyo. Kutokana na mdudu huyo alijenga kituo, kutokana na kituo akawajenga watu, na watu hao wangali wanatazama.